Magari Yaliyobaki Kwenye Kalibu

Kigari cha plastiki cha kuunda kwa mkono kilianza kama chombo cha biashara ya watu wazima. Mwaka 1948, huko Detroit, mwanasheria aitwaye West Gallogly alianzisha kampuni ya kuwatengenezea mawakala wa Ford vigari vya alumini, mfano wa Ford ya milango minne iliyokuwa ikiuzwa wakati ule, vikiwa vimepigwa rangi ileile ya magari makubwa. Viwanda vya Marekani vilikuwa vimesimamisha magari ya raia tangu Februari 1942 ili vitengeneze silaha, na vita vilipokwisha watu walikuwa na fedha mfukoni na gari bovu uani. Wakala alimwekea mteja kigari mezani amwonyeshe rangi. Mtoto aliyefuatana na baba yake aliondoka na kimoja mkononi, na hapo wakala alikuwa amepata mpiga debe ndani ya nyumba ya mteja, tena asiyedai mshahara.

Kampuni ya Gallogly iliitwa Aluminum Model Toys. Haikuchukua muda alumini ikaachwa, plastiki ikashika nafasi yake, na jina ambalo halikulingana tena na bidhaa likafupishwa kuwa AMT. Katika mji huohuo John Haenle, fundi wa kalibu, alikuwa ameshafungua karakana mwaka 1947, ambayo baadaye ilijulikana kama Jo-Han na kupata kazi za Chrysler, Cadillac na American Motors. Kila mwaka magari mapya yalipozinduliwa, vigari vyake vilikuwa tayari kwa mawakala. Hebu fikiria maana yake: michoro ya gari ambalo umma haujaliona, jambo ambalo Detroit ililificha hata kwa wafanyakazi wake wengi, ilikuwa imeshafika miezi kadhaa kabla kwa mtu anayetengeneza vichezeo.

Plastiki ya mwanzo ilikuwa na kasoro. Ilikuwa asetati, itokanayo na selulosi ya pamba na mbao, na kadiri miaka ilivyopita ilisinyaa na kujikunja. Kigari cha wakala cha mwaka 1955 ukikikuta leo, mara nyingi tumbo limebonyea na bampa zimeinuka mbele na nyuma kama ngalawa. Hakuna dawa ya ugonjwa huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vigari vya mawakala navyo vikahamia kwenye polistirini, plastiki ngumu isiyojikunja, ambayo watengenezaji wa magari ya kuunda walikuwa wameshaichagua kwa sababu nyingine: gundi yake huyeyusha uso wa vipande viwili, vikachanganyika na kuwa kitu kimoja. Kipande kilichogandishwa vizuri hakibanduki, kinavunjika.

Lakini plastiki ni sehemu rahisi ya habari hii. Utajiri na msiba wa biashara hii umo kwenye kalibu ya chuma. Fundi alichonga kwanza gari la mbao, kubwa kuliko kigari kinachotakiwa, kwa kuwa kosa dogo kwenye mfano mkubwa hupungua zaidi mfano unapopunguzwa. Kisha mashine iitwayo pantografu ilipapasa mfano huo kwa ncha moja huku ncha ya pili ikichimba chuma kwa kipimo kidogo. Ndege ya plastiki hugawanywa nusu mbili, zikagandishwa, mshono ukapigwa msasa. Mnunuzi wa gari hakubali mshono juu ya paa. Anataka bodi nzima, yenye mistari ya milango, vishikizo na nembo, kana kwamba imetoka kwenye mashine za Ford. Kwa hiyo kalibu ya bodi ilibidi iwe na vipande vinavyoteleza: kimoja kinatoka juu, kingine mbele, kingine nyuma, viwili ubavuni, vyote vikikutana bila kuacha nafasi ya unywele. Anayesifiwa kwa kuifanikisha mbinu hiyo ni George Toteff wa AMT. Punje za plastiki huyeyushwa, zikasukumwa ndani kwa nguvu, maji yakapoza chuma, vipande vikarudi nyuma kila kimoja upande wake, na bodi ikaanguka.

Kalibu ya namna hiyo iligharimu makumi ya maelfu ya dola, na kazi yake kwa mawakala ilikwisha mwaka ulipogeuka. AMT ikatafuta namna ya kuichuma mara ya pili. Mwaka 1958 ilitoa boksi la vipande, kipimo cha 1:25, lililompa mjenzi uchaguzi wa magari matatu: lile lililotoka kiwandani, lile lililorembwa kwa mtindo wa vijana, na lile la mashindano. Vipande vya ziada vilibaki mezani, vikaingia kwenye kopo, vikawekwa kwenye gari la boksi linalofuata. Bei ilikuwa chini ya dola mbili, fedha ambayo kijana aliyekata nyasi za jirani angeweza kuipata mwisho wa wiki.

Wakati ulikuwa umeiva. Vijana wa California walikuwa wakikata mapaa ya Ford za mwaka 1932, wakizishusha chini na kuzitia injini kubwa. AMT ikamchukua George Barris, fundi maarufu wa magari hayo, awe mshauri wake. Revell, kampuni ya Lewis Glaser huko Venice, California, ikamchukua Ed Roth, mchoraji wa mazimwi na muundaji wa magari yasiyofanana na gari lolote, ikatia kwenye boksi magari yake pamoja na panya wake Rat Fink, mnene, mwenye macho mekundu. Wazazi walichukia. Watoto walinunua.

Revell yenyewe ilikuwa na historia ndefu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliuza vigari vya kipimo cha 1:32 vilivyoitwa Highway Pioneers, kazi ya Jack Gowland, Mwingereza aliyehamia Marekani. Vilikuwa mifano ya magari ya enzi ya farasi na vumbi, Ford Model T na wenzake, yenye taa za mafuta na magurudumu ya njiti. Waliovinunua ni watu wazima waliozaliwa magari hayo yakiwa bado barabarani, na kwa hesabu yangu hapo ndipo ukusanyaji wa magari ya zamani ya plastiki ulipoanza hasa. AMT iliuza gari la mwaka huu. Revell iliuza gari la babu.

Kabla ya hao wote, General Motors ilikuwa imeshagundua kwamba kijana anayeunda gari dogo anaweza kufaa kwenye gari kubwa. Kuanzia 1930 hadi 1968 kitengo chake cha bodi, Fisher Body, kiliendesha mashindano ya kitaifa yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Mwanzoni washindani walichonga gari la kukokotwa na farasi, lenye mapambo ya kifalme, ambalo lilikuwa nembo ya kitengo hicho. Baadaye wakaruhusiwa kubuni gari lao wenyewe. Zawadi ilikuwa ada ya chuo. Chuck Jordan, aliyeshinda mwaka 1947, aliishia kuwa mkuu wa ubunifu wa General Motors nzima. Kwenye mashindano hayo hapakuwa na boksi wala kalibu. Kila kitu kilitoka mikononi mwa kijana mwenyewe.

Turudi kwenye chuma. Detroit ilibadili sura ya magari kila mwaka ili mtu aone haya kuendesha la mwaka jana. Watengenezaji wa vigari walilazimika kufuata, na njia ya bei nafuu ilikuwa kuichukua kalibu ya mwaka jana, kuchimba shoo mpya, taa mpya, mapambo mapya, na kuirudisha kwenye mashine. Gari la mwaka uliopita likawa limefutwa. Hakuna aliyejali, kwani nani angetaka gari la mwaka jana? Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 mambo yalizidi: kalibu zilizochoka zilikatwa madigadi ziwe magari ya mashindano ya viwanja vya udongo, zikauza kidogo, zikawekwa stoo. Ndiyo sababu mtu anayetafuta boksi fulani la miaka ya mwanzo ya 1960 analipa bei ya kushangaza. Halikuweza kutolewa tena, maana chuma chake kilikwisha kugeuzwa gari jingine.

Lakini ziko kalibu zilizookoka wakati magari yenyewe yaliangamizwa. Mwaka 1963 Chrysler ilianza kuwakopesha raia gari lililoendeshwa na injini ya jamii ya zile za ndege za jeti. Bodi zake zilitengenezwa kwa mkono na Ghia wa Turin, rangi yake ya shaba, taa zake za nyuma zimezungushiwa mapezi. Liliunguza dizeli, mafuta ya taa, na inasimuliwa kwamba Rais López Mateos wa Meksiko alilijaribu kwa tekila, likaenda. Yalijengwa 55, 50 kati yake yakapita mikononi mwa familia 203, kila moja ikikaa nalo kwa muda na kuandika maoni. Mwaka 1966 mradi ulifungwa. Magari 46 yaliharibiwa, sababu inayotajwa mara nyingi ikiwa ushuru wa bodi zilizotoka Italia. Yalibaki tisa tu.

Jo-Han ilikuwa imelitengeneza gari hilo kwa kipimo cha 1:25, na ilifanya kazi hiyo kwa heshima iliyostahili. Injini ipo, mabomba yake yapo, dashibodi ipo, mapezi ya taa yapo. Mtu aliyetaka kujua jinsi gari lile lilivyopangwa chini ya boneti, na hakuweza kufika kwenye makumbusho, alilijua kwa kulijenga. Ukiniuliza ni boksi gani moja linalohalalisha biashara hii yote, nitakutajia hilo.

Uingereza ilifika hapohapo kwa njia nyingine. Nicholas Kove, mkimbizi Myahudi kutoka Hungaria, alianzisha Airfix mjini London mwaka 1939, akiuza vichezeo vya mpira vya kujazwa hewa. Baada ya vita alikuwa mtengenezaji mkubwa wa vitana vya plastiki. Mwaka 1949 kampuni ya trekta za Ferguson ilimwagiza mfano wa trekta yake kwa ajili ya mawakala wake. Kuunganisha trekta moja kulikula muda wa wafanyakazi, na ikaonekana heri kuziuza kwa vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe. Baadaye likaja wazo kutoka maduka ya Woolworths: meli ndogo ndani ya mfuko, shilingi mbili. Kuanzia 1956 Airfix ikatoa magari ya zamani kwa kipimo cha 1:32, kati yake Rolls-Royce ya 1911, Bentley ya 1930, na Darracq ya 1904, gari ambalo Waingereza walikuwa wamelipenda kwenye filamu ya Genevieve ya mwaka 1953. Huko Turin, Arnaldo Pocher alikwenda upande wa pili kabisa: magari ya kipimo cha 1:8, njiti za magurudumu zikiingizwa moja moja, Rolls-Royce yake ikiwa na vipande zaidi ya 2,000. Wengi walioinunua hawakuimaliza.

Japani habari inaanzia kwenye mbao. Shizuoka ni nchi ya misitu na mafundi seremala, na Yoshio Tamiya alifungua kiwanda cha kupasua mbao huko mwaka 1946. Kiwanda kiliungua mwaka 1951. Kilichobaki kikaelekezwa kwenye meli na ndege za mbao za kuunda, hadi vichezeo vya plastiki kutoka ng'ambo vilipoanza kuziua. Meli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, ilikaribia kuizamisha kampuni, maana mshindani alitoa ileile kwa bei ya chini. Kilichowaokoa ni kifaru cha Kijerumani chenye mota ndani, na picha kali juu ya boksi iliyochorwa na Shigeru Komatsuzaki.

Mwana wa Yoshio, Shunsaku Tamiya, ndiye aliyeingiza kwenye magari ukali wa vipimo ambao Wamarekani hawakuuzoea. Alipotaka kutengeneza Porsche 934 katikati ya miaka ya 1970 alipima magari huko Ujerumani, akapiga picha, bado hakuridhika. Alirudi Japani akanunua Porsche 911, akaifumua yote gerejini. Walipomaliza kupima wakashindwa kuirudisha, ikabidi aitwe fundi wa Porsche. Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi wote wako mkoa huohuo wa Shizuoka, na wote walichagua kipimo cha 1:24, jambo linalomfanya mkusanyaji mwenye magari ya Detroit na ya Japani kwenye rafu moja aishi na tofauti ya milimita kadhaa inayomkera kila akitazama.

Marekani wakati huo ilikuwa inaporomoka. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipandisha bei ya plastiki na kuyaua magari yenye injini kubwa ambayo vijana waliyatamani. MPC, kampuni aliyoianzisha Toteff mwaka 1963 baada ya kuondoka AMT, ilikuwa imenunuliwa na wauza unga wa nafaka, General Mills. AMT ilichukuliwa na Lesney ya Uingereza, wenye Matchbox, ambao nao walifilisika mwaka 1982. Revell ikaunganishwa na mshindani wake wa Chicago, Monogram, mwaka 1986. Katika kila uhamisho kalibu zilipakiwa kwenye malori, zikasafirishwa, nyingine zikapoteza kipande, nyingine zikala kutu, nyingine zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Waliobaki mezani ni watoto wa zamani, sasa wana mvi na miwani. Kazi yao ni ya subira. Kwenye madigadi kuna mstari mwembamba, pale vipande vya kalibu vilipokutana. Usipoukwangua kwa wembe na kuupiga msasa laini wa maji, rangi itautangaza. Bampa huja ziking'aa kwa utando wa metali, na gundi haishiki utando huo kwa kuwa kazi yake ni kuyeyusha plastiki, kwa hiyo pale pa kugandisha lazima pakwanguliwe. Anayetaka kuanza upya huzitumbukiza kwenye dawa ya kung'arishia nguo, ile tunayoiita jiki, na utando wote unaondoka, plastiki ikabaki uchi. Kisha kuna maandishi. Neno Chevrolet kwenye boneti lina herufi ndogo mno. Ukipiga rangi mara tatu nzito limezikwa. Mafundi wazuri hupiga rangi nyembamba, hulaza juu yake karatasi laini ya metali, huikandamiza kwa kijiti cha meno mpaka herufi zitokeze, halafu hukata pembeni na kubandua ziada.

Wapo wasiofungua boksi kabisa, wakingoja bei ipande. Siwaungi mkono, na sababu yangu ni ya kikemia. Tairi za magari mengi ya zamani ni za vinili laini, na mafuta yaliyotiwa kuilainisha hutoka polepole. Tairi ikilala juu ya kioo cha mbele kwa miaka 40 ndani ya boksi lililofungwa, hukiyeyusha na kuacha alama nyeusi ya duara isiyotoka. Mwenye boksi anaendelea kuamini ana mali.

Siku hizi kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, inayomiliki majina ya AMT na MPC, inachukua vigari vya zamani ambavyo havijajengwa, inavipima kwa mashine, na kuchonga kalibu mpya za magari yaliyodhaniwa yamepotea. Bei ya boksi kuukuu hushuka siku tangazo likitoka, na walioweka akiba hulalamika sana.

Kwetu Afrika Mashariki tumo kwenye historia hii kupitia mlango mmoja, mbio za Safari Rally zilizoanza 1953. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda na Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na Shekhar Mehta akamfuata wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. Nissan wamelihifadhi gari la Herrmann hadi leo huko Zama, na Hasegawa wamelitoa kwenye boksi: sentimita 17 hivi, taa za ziada, namba 11 mlangoni. Celica ya Toyota aliyoshindia Juha Kankkunen mwaka 1985 nayo imeshapata kalibu yake.

Boksi hutoa gari safi. Mjenzi wa Osaka au Stuttgart anayetaka kulionyesha lilivyofika Nairobi anahitaji kujua tope lilipanda hadi wapi kwenye milango, taa ipi ilikuwa imepasuka, udongo ulikuwa mwekundu au wa kijivu. Picha rasmi hazitoshi, nyingi zilipigwa mwanzoni mwa mbio au kwenye jukwaa la ushindi. Waliosimama kando ya barabara, kutoka Kampala hadi Mombasa na kushuka Tanzania, walikuwa ni wazazi na babu zetu, na wachache wao walikuwa na kamera. Kama kuna albamu ya namna hiyo kabatini kwenu, itoe, uzipige picha upya kwa simu, uandike nyuma ya kila moja mahali na mwaka wakati aliyezipiga bado anakumbuka. Usimwachie muuza karanga akafungie bidhaa.